JINSI DHAHABU ITOKAVYO KATIKA JIWE

Hotuba ya Katibu, iliyosomwa mbele ya wanachama huko Suma katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika siku kama hii ya kutimiza miaka kumi, wengi wangependa kusikia habari za chai, maziwa na ndizi, mambo ambayo sisi watu wa Suma twayajua tangu utoto. Lakini Halmashauri imeniagiza niseme juu ya dhahabu, na sababu yake mnaijua. Vijana wetu kumi na wanane walioko Chunya wameleta barua wakiomba Chama kiwakopeshe fedha za kununua karasha, yaani mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu. Barua hiyo itasomwa alasiri, na ikiisha kusomwa mtapiga kura. Wazee kadhaa walinijia ofisini wakaniuliza, "Katibu, tutapigaje kura juu ya jambo tusilolijua? Dhahabu si huokotwa tu?" Nimekuja kulijibu swali hilo. Sijibu kama mtaalamu, maana elimu yangu ni ya kidato cha nne. Najibu kama mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake miaka miwili.

Mzee aliyesema kwamba dhahabu huokotwa hakukosea sana, ila alikuwa akisema habari za babu yake. Dhahabu ya Lupa ilijulikana mwaka 1922, na katika miaka iliyofuata watu wetu walitoka huku milimani kwa miguu, wakapita Mbeya, wakavuka safu ya milima na kuteremkia nchi ile kavu ya miombo, kutafuta fedha ya kodi, ya nguo na ya ng'ombe wa mahari. Dhahabu ya siku zile ilikuwa ya mchangani. Mvua za zamani sana zilikwisha kuifanya kazi ya karasha. Zililivunja jiwe, zikaisukuma dhahabu mpaka mabondeni, ikatulia chini ya changarawe. Aliyekuwa na jembe, karai na maji aliweza kuipata. Na pasipokuwa na maji, watu waliupepeta mchanga mkavu kama mama anavyopepeta mpunga.

Mchanga ule uliokuwa tajiri ulikwisha, ikabaki dhahabu iliyo ndani ya mwamba, na hiyo haiokotwi. Ndiyo maana yakaja machimbo yenye mitambo mikubwa, kama lile la New Saza, lililofanya kazi tangu 1939 hata 1956, na ambalo katika nchi yetu lilitanguliwa na Geita tu kwa wingi wa dhahabu iliyotolewa siku zile. Na tangu 2012 liko chimbo la New Luika katika nchi ile ile ya Lupa. Vijana wetu hawamo katika makampuni hayo. Wao wana shimo lao dogo lenye leseni, kamba, nyundo na taa za kichwani. Lakini jiwe lao ni la jamaa moja na lile la makampuni, na njia ya kulitoa dhahabu ni ile ile, ila kwa udogo.

Sasa natakeni mshike hesabu moja, maana mambo yote yatategemea hiyo. Jiwe lao lilipopimwa lilionekana kuwa na gramu 5 katika tani moja. Tani moja ni viroba ishirini vya kilo 50. Dhahabu ni nzito mno. Kipande chake kina uzito mara kumi na tisa na zaidi kuliko maji ya ukubwa ule ule. Kwa hiyo gramu 5 za dhahabu ni kitu cha ukubwa wa punje moja ya hindi. Fikirini viroba ishirini vya mawe vimepangwa uani kwako, na ndani yake mna punje moja ya hindi. Wala haimo nzima. Imegawanyika kuwa vumbi, tena vumbi jingine ni dogo kiasi ambacho jicho haliwezi kuliona, nalo limefungwa ndani ya jiwe kama mafuta yalivyofungwa ndani ya karanga. Kinachong'aa juu ya jiwe, ambacho wageni hukipigia kelele, mara nyingi si dhahabu; ukikigonga kwa nyundo huvunjika kikawa unga mweusi, hali dhahabu ikigongwa hutandazika.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuvunja. Mawe yakitoka shimoni hupondwa kwa nyundo mpaka yawe kama kokoto, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa na akina mama kwa malipo ya kirobo kirobo. Kisha kokoto huingizwa katika karasha. Karasha ni pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavuni, linalozungushwa na injini, na ndani yake mna mipira ya chuma. Pipa linapozunguka mipira hupanda na kuanguka, hupanda na kuanguka, ikisaga jiwe mpaka liwe unga. Katika machimbo mengi ya zamani kazi hii ilifanywa na michi mizito ya chuma, iliyoinuliwa na kuachwa ianguke yenyewe. Kila mama aliyemo humu ameuelewa mtambo huo pasipo kuuona.

Unga ukiwa mnene, dhahabu ingali imefungwa ndani ya chembe za jiwe na hakuna dawa itakayoifikia. Ukiwa laini, dhahabu iko wazi. Hapo ndipo mtu mwenye haraka anapojipunja mwenyewe, kwa sababu kusaga kwataka mafuta ya injini na mafuta ni fedha, naye hulitoa jiwe kabla ya wakati. Na vumbi lake ni baya sana. Makarasha mengi husaga jiwe likiwa kavu, na vumbi la jiwe lile jeupe likiingia mapafuni halitoki tena. Huleta kikohozi cha miaka na kuifungulia mlango kifua kikuu. Sisi tulijifunga vitambaa puani. Kitambaa hakizuii kitu.

Baada ya kusaga huja kuosha. Unga hutiwa maji na kupitishwa juu ya mwalo, yaani ubao mrefu ulioinama, uliotandikwa magunia au zulia. Maji huuchukua unga wa jiwe ulio mwepesi, na dhahabu, kwa uzito wake, huzama na kunaswa katika nyuzi. Kisha magunia hukung'utwa katika beseni, na kile kinachobaki chini, mchanga mweusi mzito wa kujaa sufuria, ndicho mlichokitafuta tangu shimoni. Yote yaliyopita na maji huitwa marudio. Naomba neno hilo mlitunze, nitalirudia.

Katika beseni ile hutiwa zebaki. Zebaki ni madini, lakini ni maji maji. Hung'aa kama fedha na kukimbia mkononi. Ina tabia ya kuipenda dhahabu, ikaimeza na kuliacha jiwe. Mchenjuaji huikoroga kwa mkono mtupu mpaka vumbi lote la dhahabu lifikiwe, kisha huikamua katika kitambaa. Zebaki iliyozidi hupita, na hubaki kidonge kigumu cheupe ambacho ni dhahabu na zebaki pamoja. Kidonge huwekwa motoni. Zebaki hupanda hewani kama moshi usio na rangi wala harufu, na dhahabu hubaki, ya manjano, yenye matundu kama sifongo.

Mwenzangu wa rika, tuliyesoma naye na kwenda naye Chunya baada ya kumaliza shule mwaka 2009, ndiye aliyekuwa fundi wetu wa kuchoma. Aliifanya kazi hiyo ndani ya kibanda tulimopikia, juu ya jiko lile lile la ugali, na mlango umefungwa ili watu wasione dhahabu yetu. Alifanya hivyo karibu kila jioni kwa miaka miwili. Leo yumo humu ukumbini. Amenipa ruhusa nimseme, ila jina lake nalihifadhi. Mikono yake hutetemeka hata hawezi kushika kikombe cha chai kilichojaa, na maneno humpotea katikati ya mazungumzo. Daktari alimwambia kwamba ni sumu ya zebaki. Mimi nilikuwa nikikaa nje kulinda mlango, na kwa sababu hiyo tu ndimi ninayesoma hotuba hii, wala si yeye, ambaye shuleni alinishinda katika kila somo.

Ulimwengu umekwisha kuijua sumu hiyo. Huko Minamata, katika nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila na watu wakawala samaki. Maradhi yake yalitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa jina la mji huo mataifa yaliandika mkataba wa kupunguza zebaki mwaka 2013, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo umetaja waziwazi mambo ya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo: kuitia zebaki katika jiwe zima lililosagwa badala ya kuosha kwanza, kuchoma kidonge mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi katika marudio yaliyokwisha kupita kwenye zebaki pasipo kuitoa zebaki kwanza. Sisi tulifanya matatu kati ya hayo kwa mikono yetu, na la nne lilifanywa na aliyeyachukua marudio yetu.

Nimefika kwenye marudio, nami hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha ilipo.

Zebaki hukamata chembe za dhahabu zilizo kubwa. Chembe ndogo mno, na zile ambazo bado zimefungwa katika jiwe, huzikosa. Mara nyingi kwa njia hii mchimbaji hapati hata nusu ya dhahabu aliyoileta. Nusu ile nyingine na zaidi huenda katika marudio. Sasa desturi iliyokuwapo tulikofanya kazi ilikuwa hii: mwenye karasha hutoza fedha kidogo kwa kila kiroba, na marudio yote hubaki kwake. Sisi tulimwona kuwa mtu mwema, asiyetuumiza kwa bei. Tulikuwa tukipita mbele ya lile lundo lake la unga wa kijivu, kubwa kama kanisa, tukidhani ni takataka ambazo amekosa mahali pa kuzitupa.

Siku moja tulisaga tani moja, viroba ishirini. Tulipata gramu 3 kasoro kidogo, tukaimba njiani. Miezi michache baadaye shimo letu lilijaa maji, nami nikaomba kibarua kwenye matangi ya mtu aliyekuwa akinunua marudio. Jina lake na la mwenye karasha sitayataja. Alinipa kazi ya kuandika daftari, kwa kuwa hati yangu yasomeka. Katika daftari lile niliona vipimo vya maabara vya lundo lile lile ambalo viroba vyetu vilimo, pamoja na vya watu wengine: gramu 4 katika tani. Nilikaa na kalamu mkononi. Tuliyoyachukua yalikuwa 3, na tuliyoyaacha, ikiwa yetu yalilingana na ya wenzetu, yalikuwa 4. Tena tulimlipa mtu ili atupokee hayo manne.

Hakuna aliyetuibia. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Tulitoa wenyewe, kwa kutojua.

Nieleze sasa kile nilichokiona kwenye matangi. Njia ile iligunduliwa na MacArthur pamoja na ndugu wawili Forrest huko Glasgow, Uskochi, wakaiandikisha mwaka 1887, na miaka michache baadaye ilikuwa inatumiwa katika machimbo ya Afrika Kusini. Sayanaidi ni chumvi nyeupe yenye sumu kali. Ikiyeyushwa katika maji, hata kidogo sana, pakiwapo na hewa, maji hayo huyeyusha dhahabu kama maji ya kawaida yanavyoyeyusha sukari. Marudio hupangwa katika tangi kubwa la saruji na kuchanganywa na chokaa. Chokaa hiyo si pambo. Maji yakiwa na uchachu, sayanaidi hugeuka hewa, na hewa hiyo huua; chokaa huyaondolea maji uchachu. Kwa hiyo msimamizi hupima maji asubuhi na jioni, na asiyejua kupima hapaswi kulikaribia tangi.

Maji hupita katika unga kwa siku kadhaa, yakishuka na kurudishwa juu kwa pampu. Yakitoka chini ni maangavu, huwezi kuamini kwamba yana dhahabu. Kuitoa humo, watu wa zamani walitumia unga wa zinki. Siku hizi hutumika kaboni, ambayo ni makaa yaliyotengenezwa kwa namna ya pekee, na yaliyo bora ni ya vifuu vya nazi. Mtu wa pwani akikitupa kifuu hajui kwamba ndugu yake wa Chunya anakingoja. Makaa hayo yana vitundu visivyohesabika, na dhahabu hukwama humo. Kaboni ikishiba hupelekwa kwenye mtambo mwingine, nayo huoshwa kwa maji ya moto yenye dawa. Dhahabu hutoka, hunaswa na umeme juu ya nyuzi za chuma, kisha huyeyushwa pamoja na boraksi katika moto unaozidi nyuzi 1,000. Uchafu huelea, dhahabu hukaa chini. Njia hii ikifanywa sawasawa huweza kupata sehemu tisa katika kumi.

Wazee wangu, hesabu ya namna hii hatuijui leo. Kilo sita hivi za kahawa mbivu hutoa kilo moja ya buni safi, na mkulima asiyeujua uwiano huo hawezi kubishana na mnunuzi aliyekuja na mizani yake mwenyewe. Chama hiki kina miaka kumi kwa sababu tulikataa kuuza mbele ya mizani tusiyoielewa. Vijana wetu wanauza mbele ya lundo wasilolielewa, nao ni watoto wetu.

Nimeulizwa kama naliunga mkono ombi lao. Naliunga, lakini si kama lilivyoandikwa. Barua yasema karasha, basi. Karasha peke yake itawapunguzia gharama ya kusaga, na itaacha zebaki motoni na dhahabu katika lundo kama kwanza. Ningependa mkopo uandikwe kwamba marudio ya kila mwanachama yapimwe na kuandikwa kwa jina lake, kama tunavyoandika maziwa ya kila mama asubuhi, na yasiuzwe ila kwa kipimo cha maabara. Usagaji uwe wa maji, si mkavu. Na ndani ya fedha hizo ziwemo za meza ya kutikisika, ambayo huichambua dhahabu kwa uzito kuliko gunia, ili ule mchanga mweusi usafishwe zaidi na kuyeyushwa kwa boraksi pasipo zebaki. Jambo hilo si ndoto. Wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, wamelifanya kwa miaka mingi. Halifai kwa kila jiwe, na kwa hiyo lazima jiwe letu lijaribiwe kwanza. Ikionekana haliwezekani, basi zebaki ichomwe katika chombo kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza moshi urudi kuwa maji, mbali na jiko la mtu yeyote.

Kuhusu sayanaidi, nasema hapana kwa sasa. Wao hawajasomea, na maji ya nchi ile huelekea Ziwa Rukwa, ambako watu huvua samaki kama wetu wavuavyo Ziwa Nyasa. Hapo Itumbi, Chunya, serikali ilijenga kituo cha mfano cha uchenjuaji, kama vilivyojengwa Lwamgasa na Katente. Wakaulize huko jinsi marudio yao yanavyoweza kushughulikiwa. Dhahabu yenyewe ina mahali pa kuuzwa panapojulikana, maana tangu 2019 yako masoko ya madini, na bei ya siku hubandikwa ukutani. Mwanangu akiniambia kwamba ameiuza usiku kwa mtu wa pikipiki, sitamwuliza bei.

Mjumbe mmoja wa Halmashauri hakubaliani nami. Asema fedha za chai zisiende shimoni, kwa kuwa chai huota tena na mwamba hauoti. Ni neno zito, nami sina jibu lake kamili. Atasema mwenyewe alasiri.

Hapa mezani nimeweka sahani tatu. Ya kwanza ina jiwe kutoka shimo la vijana wetu. Ya pili ina unga wake uliokwisha kuoshwa. Ya tatu ina makaa ya vifuu, ambayo hayajatumika na hayana sumu. Njooni mshike, mtie unga huo kati ya vidole mwone ulaini wake, na mama waliozoea kusaga waseme kama umesagwa vya kutosha. Zebaki sikuileta. Maswali nitayapokea baada ya chakula, kabla barua haijasomwa.